Taarifa Mbili Kuhusu Gari Lisilotembea

Gari lile lilikuwa limesimama nyuma ya ofisi yetu kwa muda mrefu kiasi kwamba majani yalikuwa yamepanda hadi kwenye vitasa vya milango yake. Lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja, na boneti yake ilikuwa imefungwa kwa waya. Nililipita kila asubuhi nikielekea kwenye kitengo cha malipo nilikokuwa nikifanya kazi. Ndiyo maana siku ilipoletwa mezani kwangu hati ya malipo iliyodai fedha za matairi manne mapya na matengenezo makubwa ya injini ya gari hilohilo, kwa namba yake ya usajili, sikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba hati ile ilikuwa ya uongo. Viambatisho vyote vilikuwepo: hati ya oda, ankara ya mzabuni, hati ya kupokelea vifaa yenye saini ya mtunza bohari, na dokezo la mkuu wa idara la kuidhinisha malipo.

Nilimwuliza msimamizi wangu. Akanijibu kwamba kazi ya kitengo chetu ni kuhakiki viambatisho, na kwa kuwa viambatisho vimekamilika, nisitafute mambo yasiyonihusu. Naandika hapa jambo ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulisema: hati ile niliipitisha. Niliweka saini yangu mahali panapotakiwa, malipo yakatoka, na usiku ule sikupata usingizi. Kesho yake nilianza kurudi nyuma katika kumbukumbu za mwaka wa fedha uleule, nikakuta gari lile limelipiwa matengenezo mara mbili nyingine kabla ya hapo.

Taarifa yangu ya kwanza niliiandika nikiwa na hasira. Ilikuwa na kurasa nne, haikuwa na jina wala saini, na ndani yake nilimwita mkuu wa idara mwizi kabla ya kueleza alichokiiba. Nilieleza habari za nyumba anayojenga na shule wanazosoma watoto wake, mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia tu kwa watu. Kuhusu gari nilieleza kwa aya moja fupi, bila namba ya hati, bila tarehe, bila jina la mzabuni, kwa kuwa niliamini kwamba wachunguzi wakishajua kuna wizi watayatafuta hayo wenyewe. Niliituma kwa chombo cha kupambana na rushwa, na kwa kudhani kwamba kadiri wengi wanavyojua ndivyo jambo litakavyopata nguvu, nikatuma nakala kwa mamlaka inayosimamia ofisi yetu.

Nakala ile ndiyo iliyoniponza. Mamlaka iliyoipokea ilifanya kile ambacho ofisi nyingi za umma hufanya na barua za malalamiko: iliishusha kwenye ofisi iliyolalamikiwa ili itoe maelezo. Hivyo barua yangu iliwekwa juu ya meza ya mtu niliyekuwa nikimshitaki. Katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimenukuu sentensi ambayo msimamizi wangu aliniambia tukiwa wawili tu chumbani, kwamba nisitafute yasiyonihusu. Jina langu halikuwemo popote, lakini sentensi ile ilinitaja waziwazi. Haukupita muda nikapewa barua ya uhamisho wa ndani kutoka kitengo cha malipo kwenda masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi, kwa maelezo kwamba ni mabadiliko ya kawaida ya kuboresha utendaji. Chombo cha kupambana na rushwa hakikunijibu, na hakingeweza kunijibu, maana sikuwa nimewaachia njia yoyote ya kunipata.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Satyendra Dubey, mhandisi wa India aliyekuwa akisimamia sehemu ya mradi mkubwa wa barabara kuu za nchi yake. Mwezi Novemba 2002 aliandika kwa ofisi ya waziri mkuu akieleza ubadhirifu na ubovu wa kazi aliouona, na aliomba jina lake litunzwe kuwa siri. Barua yake ilipitishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine pamoja na utambulisho wake. Tarehe 27 Novemba 2003 aliuawa kwa kupigwa risasi katika mji wa Gaya. India ilikuja kupata sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2014. Madhila yangu hayalingani hata kidogo na yaliyompata mtu yule, na sitaki msomaji adhani ninayalinganisha. Hata hivyo nilipoona jinsi barua yake ilivyosafiri nilielewa kwamba siri ya mtoa taarifa huvunjika kwenye mafaili, mikononi mwa watu ambao pengine hawana ubaya wowote naye, wanaofuata tu utaratibu wa kupokea barua na kuipeleka inakohusika.

Tangu hapo mtu akiniomba ushauri kabla ya kutoa taarifa, jambo la kwanza ninalomwuliza ni nani hasa ataisoma barua yake, na baada ya huyo atasoma nani. Kutojitaja na kutunziwa siri ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya kama nilivyoyachanganya mimi. Asiyejitaja hajulikani hata kwa wachunguzi, kwa hiyo hawezi kuulizwa swali la pili, na mara nyingi swali hilo ndilo linalofungua kesi. Anayetunziwa siri anajulikana kwa mtu mmoja au wawili wenye wajibu wa kulificha jina lake. Njia zote mbili zinakubalika, na yapo mazingira ambamo kutojitaja ndiyo njia pekee ya kubaki salama, lakini anayeichagua hana budi kuisoma barua yake kwa macho ya yule anayemtaja, akitafuta kila jambo ambalo lingeweza kujulikana na mtu mmoja tu. Hadithi ya kilichosemwa faraghani, tarehe ya kikao cha watu wachache, hata namna fulani ya kuandika maneno ambayo wenzako wameizoea, vyote hivyo ni saini.

Nilipelekwa masijala kama adhabu, na huko ndiko nilikojifunza kile nilichokikosa. Nilipokuwa kwenye malipo nilikuwa nikiona hati moja na viambatisho vyake. Masijala niliona jinsi karatasi za ofisi zinavyoshikana, kwamba hakuna tendo la ofisi linaloacha alama mahali pamoja tu. Gari lina jalada lake, na ndani ya jalada lile kulikuwa na taarifa ya fundi iliyopendekeza gari liondolewe kwenye matumizi. Gari lina daftari la safari, na safari ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa ya miezi mingi kabla ya ankara ya kwanza ya matengenezo. Daftari la mafuta halikuonyesha hata lita moja iliyotolewa kwa gari hilo tangu siku ile. Wakati huohuo ankara tatu za matengenezo zilionyesha usomaji wa kilomita unaoongezeka, kana kwamba gari lilikuwa barabarani. Mtu anayetengeneza hati ya uongo hutunza ulinganifu wa hati zinazokaa pamoja. Hawezi kwa urahisi kusahihisha daftari la mlinzi wa lango, la mtoa mafuta na la dereva, ambayo yameandikwa na watu wengine kwa madhumuni mengine.

Majalada yale niliyaona kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuyatunza, na hilo ni jambo la kuzingatiwa sana. Sikufungua kabati la mtu, sikutumia nywila ya mwenzangu, wala sikuondoka na karatasi halisi hata moja. Ushawishi wa kuzichukua ulikuwa mkubwa, kwa kuwa niliogopa kwamba zingechomwa. Lakini kielelezo kilichotolewa ofisini kwa siri na mtu asiye na mamlaka ya kukitoa huzua maswali mapya: kilikaa wapi, nani alikigusa, na je, hakikubadilishwa? Tena huweza kumgeuza mtoa taarifa kuwa mtuhumiwa wa kuiba nyaraka za serikali. Nilichokifanya ni kukariri namba za majalada, namba za folio, yaani za kila karatasi ndani ya jalada, na tarehe, kisha kuziandika nyumbani kwenye daftari langu siku ileile ambapo kumbukumbu ilikuwa bado mbichi, na pembeni ya kila jambo nikaweka tarehe niliyoliona.

Taarifa ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Niliipeleka mwenyewe kwa chombo cha kupambana na rushwa, sikutuma nakala popote, na niliomba kuonana na afisa uchunguzi badala ya kuiacha mapokezi. Alinipokea mama mmoja mtu mzima, aliyeisoma mara mbili bila kusema neno. Kisha akachukua kalamu, akaanza na sentensi ya kwanza: "Hili umelijuaje?" Nikamjibu. Akaenda sentensi ya pili, akauliza vilevile. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, na pale nilipojibu kwamba niliambiwa na mtu, aliandika jina la mtu huyo na kusema, "Basi hili ni la kwake, ndugu, si la kwako." Sentensi moja niliyokuwa nimeiona kuwa nzito kuliko zote, inayodai kwamba mkuu wa idara alikuwa akigawana fedha na mzabuni, aliikata kwa mstari, akaniambia kwamba ikiwa ni kweli itajulikana kwenye akaunti za benki, na kama si kweli itampa wakili wa utetezi mahali pa kuanzia.

Katika aya ya kwanza kabisa nilikuwa nimeandika kwamba hati ya tatu niliipitisha mimi, kwa saini yangu, nikijua gari halitembei. Nilikuwa nimesitasita sana kuandika maneno hayo. Afisa yule aliniambia kwamba wangeikuta saini ile wiki ya kwanza ya uchunguzi, na kwamba mtoa taarifa aliyeficha sehemu yake huwa hana faida tena kwa kesi, hata kama mengine yote aliyosema ni kweli. Hakuniahidi kwamba sitaulizwa juu yake. Niliulizwa, nikaandika maelezo, na nikapewa onyo la kinidhamu ambalo mpaka leo naliona kuwa la haki.

Nilimwuliza iwapo sheria ingenilinda. Alinijibu kwa uangalifu, na nilipoyasoma mambo hayo baadaye niliona sababu ya uangalifu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa Oktoba 2003 na kuanza kutumika Desemba 2005, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 33 zifikirie kuweka hatua za kumkinga na vitendo visivyo vya haki mtu anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa misingi inayoeleweka, na ibara ya 13 inataka vyombo vya kupambana na rushwa vifikike, hata kwa asiyependa kujitaja. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa kuzuia na kupambana na rushwa, uliopitishwa Maputo tarehe 11 Julai 2003, unagusa suala hilo katika ibara ya 5, ambayo pia inazitaka nchi ziwaadhibu wanaotoa taarifa za uongo kwa nia mbaya dhidi ya wasio na hatia. Lakini neno "zifikirie" ni neno dhaifu, na mkataba haukai na mtu ofisini Jumatatu asubuhi. Kinga halisi inategemea sheria ya nchi husika na jinsi inavyotekelezwa, na ni vizuri mtu aisome kabla hajaandika, hasa vifungu vinavyotaja taarifa ipelekwe wapi ili mtoaji wake apate kinga. Mara nyingi anayeanza kwa kuzungumza na vyombo vya habari hapati kinga ileile anayoipata anayeanza kwa mamlaka iliyotajwa na sheria.

Wakati mwingine naulizwa kama kweli taarifa ya mtumishi mmoja inaweza kubadilisha kitu, wakati wapo wakaguzi wa ndani na wa nje. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ilionyesha kwamba asilimia 43 ya visa vilivyochambuliwa viligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Sikushangaa. Mkaguzi alikuja ofisini kwetu mara mbili katika kipindi kile, akapewa hati zilizokamilika, na hakuna aliyempitisha nyuma ya jengo.

Baada ya kutoa taarifa ya pili nilikaa miezi mingi bila kusikia lolote. Mkuu wa idara aliendelea kuja kazini, akisalimia watu, na mimi nikamsalimia. Katika kipindi kile nilikaribia mara kadhaa kumweleza rafiki, na mara moja niliandika habari nzima ili niitume kwa watu wengi kwa simu, nikaifuta. Uchunguzi wa nyaraka huchukua muda, kwa sababu benki lazima ziombwe kwa utaratibu, saini zipelekwe kwa mtaalamu wa maandishi, mzabuni atafutwe, na wachunguzi hawawezi kumwambia mtoa taarifa walipofikia bila kuihatarisha kesi. Nililijua hilo baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba nimepuuzwa. Siku walipokuja walikwenda moja kwa moja masijala, bohari na lango kuu kwa wakati mmoja, na daftari zote zilikuwa mahali pake kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa sababu ya kuziondoa.

Linaloniumiza hadi leo ni habari ya mtunza bohari. Alikuwa mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, na saini yake ilikuwa kwenye hati zote tatu za kupokelea vifaa. Katika taarifa yangu niliandika hivyo tu: mtunza bohari alisaini kupokea vifaa ambavyo havikufika. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolijua. Kabla ya malipo ya pili, mzee yule alikuja kwenye kitengo chetu akiwa na hati mkononi, akamwambia msimamizi wangu kwamba hajaona vifaa na hapendi kusaini. Msimamizi akamjibu kwamba vifaa vimepelekwa moja kwa moja karakana, kwamba mkuu ameshavithibitisha, na kwamba anachelewesha malipo ya watu. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao. Nilisikia yote, na nilimwona mzee akisimama kitambo, kisha akaazima kalamu kutoka mezani kwangu.

Jambo hilo sikuliandika. Nilipokuwa nikipunguza kurasa nne kuwa ukurasa mmoja na nusu, nilijiambia kwamba halihusu hoja kuu, lakini nikijichunguza kwa unyofu naona kwamba niliogopa litaipunguzia taarifa yangu makali, maana lingeonyesha kwamba mmoja wa waliosaini alikuwa na mashaka na alidanganywa. Kwa sababu saini yake ilikuwa ya kwanza katika mnyororo, ndiye aliyesimamishwa kazi wa kwanza, kwa nusu mshahara, na ndiye aliyehojiwa kama mtuhumiwa kabla ya mkuu wa idara hajaguswa. Alipowaeleza wachunguzi kwamba alikataa mara ya kwanza, msimamizi alikana, na hapakuwa na mwingine wa kumwunga mkono.

Nilipata habari hizo kwa binti yake, aliyekuja ofisini kuchukua vitu vya baba yake na kuniuliza, bila kujua kwamba taarifa ilikuwa yangu, kama nakumbuka siku baba yake alipokwenda kulalamika. Nilishindwa kumtazama. Kesho yake niliomba ruhusa nikarudi kwa yule mama, afisa uchunguzi, nikamwambia nina maelezo ya nyongeza. Aliponisikiliza aliweka kalamu chini na kuniuliza kwa nini sikusema mwanzoni. Nilimjibu ukweli. Akasema kwamba kazi yake si kukusanya yanayomwangusha mtu peke yake, na kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akimtafuta mtu aliyekuwepo chumbani siku ile. Nikasaini maelezo yale kwa jina langu kamili, nikikubali yasomwe mahakamani, na kwa hatua hiyo siri ya utambulisho wangu ikaisha.

Tangu siku ile, ninapomsaidia mtu kupanga taarifa yake, namwomba atenge ukurasa mzima wa mambo anayoyajua ambayo yanamsaidia mtu anayemtaja: nani alikataa kwanza, nani aliamriwa, nani hakuwepo siku hiyo, maelezo gani mengine halali yangeweza kueleza kilichoonekana. Wengi hukataa kwanza, wakisema hiyo ni kazi ya wakili wake. Wengine wakishaandika ukurasa huo hugundua kwamba mtu waliyemdhania siye, na hilo nimeliona likitokea zaidi ya mara moja.

Mzee aliondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa na kuitwa kama shahidi. Ushahidi wangu ulikuwa umesikilizwa siku moja kabla, hivyo niliruhusiwa kukaa ndani alipopanda kizimbani. Alieleza habari ya hati ya pili kwa utaratibu, pamoja na kalamu aliyoazima, na wakili wa utetezi alimhoji kwa muda mrefu. Alipomaliza alitoka akipita mbele ya benchi nililokalia, akasimama, akainama kidogo na kuniuliza kwa sauti ya chini kama siku ile ilikuwa hivyo alivyoieleza, kwa kuwa kichwa chake siku hizi kinachoka. Nikamwambia, "Ndivyo ilivyokuwa, mzee." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake kuelekea mlangoni.